Safari ya siku moja kwa treni hadi Bicester kutafuta vitu vya sanduku: ina maana?

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum.

Mwezi wa Disemba, shule zitakapofungwa, inshallah nitasafiri kwenda Uingereza pamoja na mama yangu na binti yangu wa miaka saba, tukakae wiki tatu kwa kaka yangu anayeishi Wembley, London. Tiketi za ndege zipo na viza zimetoka, kwa hiyo sina swali juu ya hayo. Swali langu ni juu ya siku moja tu katika hizo wiki tatu.

Mdogo wetu wa mwisho anaoa mwezi wa Februari, na sisi wa upande wa bwana harusi ndio tutakaopeleka sanduku la zawadi za bibi harusi. Vitambaa, kanga na udi tutavipata hapa Lamu na Mombasa, na dhahabu mama ameshaikabidhi kwa sonara wake. Kilichobaki ni mkoba mmoja mzuri wa ngozi na viatu vya kwenda nao, na mama ameshikilia kwamba maadamu tunakwenda Ulaya, vitu hivyo viwili vitoke huko. Wifi yangu, mke wa kaka, anasema bei za maduka ya katikati ya London hazishikiki, lakini kuna mahali nje ya mji panapoitwa Bicester Village, ambapo makampuni makubwa ya mitindo huuza bidhaa za misimu iliyopita kwa bei iliyopunguzwa, na watu huenda kwa treni asubuhi wakarudi jioni. Yeye mwenyewe hajapata kwenda, na kaka yangu ni mtu ambaye ukimtajia duka tu huanza kuumwa na kichwa.

Ningependa kujua treni hiyo hupandwa wapi, na kama tiketi hukatwa siku nyingi kabla kama tunavyofanya tukipanda Madaraka. Mama ana umri wa miaka 68 na goti lake la kulia humsumbua wakati wa baridi, kwa hiyo nataka kujua pia kama kuna kutembea sana na kupanda ngazi. Kisha kuna habari niliyoisikia tangu zamani, kwamba mgeni akinunua vitu Uingereza hurudishiwa kodi uwanja wa ndege. Je, bado iko? Tumetenga pauni 350 kwa mkoba na viatu, na nauli haimo ndani yake. Na swali la mwisho, ambalo pengine ndilo lingetangulia, ni kama safari hii ina maana kwa vitu viwili tu, au tunajisumbua.

Muuguzi wa Shela, Malindi

Waalaykumu salaam, Mwalimu, na pongezi kwa harusi. Mwenyezi Mungu aijaalie heri. Mimi ni mzaliwa wa Shela ya Malindi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikifanya kazi ya uuguzi huku Uingereza. Bicester nimekwenda mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilirudi mikono mitupu, kwa hiyo nitakueleza nilivyopaona, wala si vile panavyotangazwa.

Nianze na treni, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Treni za huko huondoka katika stesheni ya Marylebone, nazo ni za kampuni ya Chiltern. Bahati yenu ni kwamba mnafikia Wembley, kwa sababu treni ya chini ya ardhi ya njia ya Bakerloo hupita Wembley Central na kufika Marylebone moja kwa moja, bila ya kubadilisha. Mkishuka mtapandishwa na ngazi za umeme mpaka ukumbini, na Marylebone si stesheni ya kumpoteza mtu, kwani majukwaa yake ni machache. Kutoka hapo hadi Bicester ni karibu kilomita 90 za reli, na treni nyingi hutumia chini ya saa moja. Treni hizo huendelea mpaka Oxford, basi msisinzie.

Mjihadhari na jambo moja. Bicester ina stesheni mbili. Bicester North iko kwenye njia nyingine, ile ya kwenda Birmingham, upande wa pili wa mji. Mnayoitaka ninyi ni Bicester Village, iliyojengwa upya na kupewa jina hilo mwaka 2015, na ukitoka hapo njia ya miguu hukufikisha madukani kwa dakika chache. Mara yangu ya kwanza nilipanda treni ya kwanza niliyoona imeandikwa Bicester, nikateremka North, nikaenda kwa miguu katika mvua nyembamba ya huku, ambayo hainyeshi kwa nguvu wala haiishi, na mwavuli wangu ukapinduliwa na upepo kabla sijafika hata nusu ya njia. Stesheni ya Village ilipofunguliwa iliwekewa maandishi na matangazo ya Kichina na Kiarabu pamoja na Kiingereza, kwa sababu ya wateja wanaofurika kutoka nchi hizo.

Tiketi si kama ya Madaraka. Hakuna kiti chenye namba yako, hakuna kufika saa nzima kabla, wala hakuna kupanga mabegi chini ili mbwa wayanuse. Mnanunua siku hiyo hiyo mashineni au kwa simu. Tiketi ya kwenda na kurudi huwa nafuu mkiondoka baada ya msongamano wa asubuhi wa wafanyakazi, na kwa watu wasiokwenda kazini hakuna sababu ya kuwahi kabla ya hapo. Binti yako atalipa nusu, kwa kuwa watoto wa miaka 5 hadi 15 wote hulipa nusu. Tena watu wazima watatu hadi tisa wanaosafiri pamoja katika saa hizo za nafuu hupunguziwa theluthi ya nauli kwa tiketi inayoitwa GroupSave. Wewe na mama ni wawili, kwa hiyo mchukueni kaka, hata kama kichwa kitamuuma. Kadi ya Oyster ya usafiri wa London haifiki Bicester, basi msije mkaigusisha getini mkadhani mmelipa.

Namba ya jukwaa hutokea ubaoni dakika chache tu kabla ya kuondoka, na milango hufungwa kabla ya dakika iliyoandikwa kutimia. Simameni karibu na ubao, mama akae kitini, na mmoja wenu asiondoe macho.

Madukani kwenyewe ni barabara moja ndefu ya waenda kwa miguu, yenye maduka kama 150 pande zote mbili, yaliyojengwa kama vijumba vya mbao vya kupendeza. Pamekuwapo tangu mwaka 1995. Barabara ni tambarare, na goti la mama halitapata taabu ya ngazi, lakini haina paa. Kati ya duka na duka mko nje katika baridi, kisha mnaingia ndani kwenye joto la kutokwa na jasho, kisha mnatoka tena, na mchezo huo ndio unaochosha kuliko mwendo. Mvisheni nguo za kuvuliwa na kuvaliwa tena upesi, wala si koti moja zito juu ya gauni jepesi. Nendeni katikati ya wiki. Jumamosi za Disemba baadhi ya maduka huwa na foleni mlangoni, na nimewahi kusimama dakika arubaini ili niingie katika duka ambalo nilitoka baada ya dakika tano.

Kuhusu kodi, habari uliyoisikia ilikuwa kweli, lakini ilikoma. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mgeni anayenunua vitu Uingereza na kuondoka navyo mwenyewe harudishiwi tena kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20 na imo ndani ya bei unayoiona. Duka likitaka laweza kukutumia kitu moja kwa moja hadi nchini kwako bila ya kodi hiyo, lakini huko kuna gharama ya kusafirisha na ushuru wa kwetu, na kwa mkoba mmoja sioni faida yake.

Kama safari ina maana, nitakujibu hivi: ina maana kwa anayejua anachokitafuta kabla ya kupanda treni. Zile mara mbili nilizorudi mikono mitupu ndizo nilizokwenda nikijua. Zile nyingine mbili nilirudi na mizigo, na mpaka leo nina koti la manjano ambalo sijalivaa.

Mama Belo, Soko la Malindi

Mimi Uingereza sijafika, Mwalimu, lakini naomba nichangie kwa sababu mikoba ya Uingereza imenifikia mimi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiuza mitumba, mikoba na viatu tu, na mtu wa kazi yangu huiona mikoba ikiwa imekwisha kutumika miaka mitano au kumi. Dada yetu muuguzi anaiona mipya kwenye taa nzuri. Mimi naiona inapofunguliwa belo, na najua inapoanzia kufa.

Huanzia pembe za chini. Bonyeza pembe kwa kidole gumba: ngozi halisi huingia kisha hurudi na kuacha mikunjo midogo midogo, na ile ya kubandika hukunjika mkunjo mmoja mkali kama karatasi. Ya kubandika haiwezi pwani. Joto na hewa ya chumvi vitaifanya iambuke ndani ya misimu miwili, na mwenye mkoba atabaki akikung'uta vipande kwenye buibui lake. Kisha tazama mkanda unaposhikana na mkoba, kwa sababu uzito wote uko hapo. Geuza uone upande wa ndani kama mshono umepita mara mbili au mara moja. Kisha tazama ukingo, pale ngozi ilipokatwa ikapakwa rangi. Ikiwa rangi ni nene kama uji na tayari ina nyufa dukani, usiichukue hata ukipewa. Zipu ifungue na kuifunga mara tatu, si mara moja. Vyuma vyepesi vilivyopakwa rangi ya dhahabu ndivyo vinavyoshika kutu upesi kwetu, na chuma kizuri hukijua kwa ubaridi na uzito wake mkononi.

Nakueleza haya kwa sababu si kila kilichomo katika maduka ya punguzo ni kitu kizuri kilichobaki msimuni. Yapo makampuni yanayoshona bidhaa nyingine kabisa, za daraja la chini, kwa ajili ya maduka hayo tu, yakaziandika jina lile lile. Mteja wangu mmoja aliniletea mkoba kutoka duka la namna hiyo nje ya nchi, jina la duka nalihifadhi, bado una lebo yake. Lebo ilikuwa na bei mbili, moja imekatwa kwa mstari mwekundu. Bitana ya ndani ilikuwa imeachia pembeni kabla hajautumia mwezi. Ile bei iliyokatwa haikuwahi kulipwa na mtu yeyote, kwa sababu mkoba ule haukuwahi kuuzwa katika duka jingine. Sisi sokoni tukifungua belo kile cha kwanza kizuri tunakiita kamera, na hatuna haja ya kumwonyesha mteja bei ya jana. Basi wewe isome bei unayoilipa, ukajiulize kama mkoba huo una thamani hiyo, na ile iliyokatwa uiache hapo hapo ilipo.

La viatu ni zito zaidi. Maduka ya mabaki huwa na mabaki hata ya namba: utakuta 35 na 42 zimejaa, na za katikati ndizo zilizokwisha. Tena namba za Uingereza ni nyingine, 5 yao ni kama 38 yetu, na kila kampuni ina kalibu yake. Bibi harusi huwezi kumchukua ukaenda naye, lakini wayo wake unaweza. Mtumie dada yake au shoga yake amsimamishe juu ya karatasi, amchore mguu wote kwa penseli iliyosimama wima, kisha mkate karatasi hiyo muiweke kwenye pochi. Kiatu kikiingia karatasi bila ya kujikunja, kitaingia mguu.

Ami wa Barani

Mwanangu Mwalimu, nimekuwa mtembezaji wa wageni Malindi kwa miaka mingi, wengi wao Wataliano, na mara mbili nilialikwa nikafika Milano. Mwenyeji wangu alinipeleka Serravalle, ambako ni kama huko mnakokwenda ninyi lakini pakubwa zaidi, palipofunguliwa mwaka 2000. Tulipanda treni ya njia ya Genova tukateremka Arquata Scrivia, kisha tukaendelea kwa gari. Nchini Italia tiketi ya karatasi ya treni za mikoa ni lazima uigongeshe muhuri katika kijisanduku cha stesheni kabla ya kupanda, na mimi niliiweka mfukoni safi kama nilivyopewa. Mkaguzi alipofika, Kitaliano changu chote cha miaka thelathini kilinikimbia.

Naleta habari hii kwa sababu ya ile kodi. Italia mgeni bado hurudishiwa, na tangu mwaka 2024 kima cha chini cha manunuzi katika duka moja kimeshushwa kutoka euro 154.95 hadi kupita euro 70 kidogo, mradi upate karatasi dukani na forodha ya uwanja wa ndege ithibitishe kabla hujaondoka. Lakini viza ya Uingereza haikufikishi Italia, kwa hiyo pauni zenu 350 zitabaki kuwa 350 bila ya kurudi hata moja.

Sasa niseme ninavyoona, na muuguzi asinikasirikie. Nauli za watu wazima watatu na mtoto, chakula cha mchana cha watu wanne mahali ambapo kila kitu ni ghali, na siku nzima ya mama mwenye goti, kwa ajili ya mkoba na viatu ambavyo Mombasa vipo, hesabu hiyo mimi inanikataa. Mkienda kwa matembezi, basi semeni ni matembezi, na mkoba uwe ni ziada.

Jambo dogo kabla sijasahau: mkilipa kwa kadi ya benki ya Kenya, mashine yaweza kuuliza kama mnataka kukatwa kwa shilingi au kwa pauni. Chagueni pauni. Shilingi hupigwa kwa kiwango chao wenyewe wanachokipenda.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Ami, maneno yako nimemsomea mama, akacheka, kisha akasema kwamba sanduku halipelekwi kwa hesabu. Siwezi kubishana naye, na ukweli ni kwamba sanduku litafunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, kila mmoja atashika na kugeuza, na kuna shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi ambaye Mama Belo angempenda.

Wayo umechorwa. Umetufikia jana ndani ya daftari la hesabu, kwa mkono wa binamu yake.

Nina maswali mawili ya nyongeza kwa muuguzi. La kwanza ni la sala: tukiwa huko mchana kutwa, tutasali wapi? La pili ni la saa. Kaka yangu anasema tuwe tumerudi kabla ya giza, nami sijui giza la huko huingia lini.

Muuguzi wa Shela, Malindi

Ami wa Barani, siwezi kukukasirikia wewe. Mimi ni yule mtoto aliyekuwa akikuomba peremende za Wataliano.

Mwalimu, katikati ya Disemba jua la London huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri huingia karibu na saa sita, Alasiri huifuata kabla ya saa nane, na Magharibi itawakuta bado mna mifuko mikononi. Kwa hiyo "kabla ya giza" ya kaka yako haiwezekani, labda mgeuke mara tu baada ya kufika. Giza la hapo lisiwatishe, kwani taa ni nyingi na treni za jioni zipo. Mkifika waulizeni wahudumu chumba cha sala, na msingoje mpaka wakati uwe umebana. Kukusanya sala kwa masafa hayo ni suala la shekhe wenu, nami siligusi.

Ratiba zote za treni huandikwa kwa saa 24. Mkiona 15:20, hiyo ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mwambie mama mapema, kwa sababu mama yangu mimi alipokuja aliona 18:00 akasema treni hii imepitiliza siku.

Risiti zitunzwe. Kitu kikiwa na kasoro, sheria ya huku ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukirudisha na kudai pesa zake zote, lakini ukibadilisha mawazo tu, duka halilazimiki kukupokea. Ninyi mkisharudi Lamu siku hizo 30 hazitawafaa kitu, kwa hiyo ukaguzi wa Mama Belo ufanyike pale pale dukani, hata kama muuzaji atawatazama kwa jicho la pembeni. Na risiti hizo hizo ndizo mtakazoonyesha mkiulizwa na watu wa forodha uwanjani kwetu.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Tumerudi salama, alhamdulillahi, na nimeona si adabu kuchukua ushauri wa watu kisha nikanyamaza.

Tulikwenda siku ya Jumatano, wiki moja kabla ya Krismasi, baada ya msongamano wa asubuhi. Kaka alikubali kuja alipoambiwa kwamba uwepo wake unapunguza nauli. Yeye hesabu humwingia kuliko maombi. Jukwaa lilitokea ubaoni dakika nane kabla ya treni kuondoka, tukatembea taratibu kwa mwendo wa mama, tukapata viti vinne vinavyotazamana. Nje majani yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba na kondoo wamesimama ndani yake kama hawana habari. Mama alitazama kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba safari ya Madaraka ni nzuri zaidi kwa sababu ya ndovu.

Tuliingia maduka matano tu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika majina kabla, na sita tuliyapita bila ya kugeuza shingo, jambo ambalo kwa binti yangu lilikuwa dhuluma. Katika duka la pili kulikuwa na mkoba mwekundu ambao mimi niliupenda tangu mlangoni. Mama aliugeuza, akapitisha ukucha ukingoni, na rangi ikainuka kidogo kama ganda la kitunguu. Akaurudisha rafuni bila ya kusema neno. Katika duka la nne alikuta wa rangi ya kahawia iliyokoza, lebo ina pauni 395 zilizokatwa na 219 chini yake. Akabonyeza pembe zote nne kwa kidole gumba, akafungua zipu mara tatu huku akihesabu kwa sauti, akaingiza mkono mzima ndani na kuvuta bitana. Msichana wa dukani alimtazama mpaka mwisho, kisha akaenda nyuma akaleta mwingine wa aina hiyo hiyo, akatuonyesha kwamba ule wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo karibu na bizimu ambao hata mama hakuuona. Mama akaniambia nimwulize bei ya mwisho. Nilimwuliza, kwa aibu. Msichana akacheka vizuri tu, akasema bei ya mwisho ndiyo hiyo. Mashine ya kadi haikuuliza habari ya shilingi, lakini nilikuwa nimejiandaa.

Viatu havikupatikana, kama Mama Belo alivyotabiri. Ule wayo wa karatasi mama aliutoa kwenye pochi katika maduka matatu. Jozi moja ya rangi inayofaa ilikuwepo, namba 38, na bibi harusi huvaa 39. Tuliingiza karatasi taratibu, ikafika vidoleni ikakunja pembe. Kaka alisema viatu vya ngozi hulegea. Mama hakumjibu.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri, tukala viazi na samaki nje ya eneo la maduka ili kupunguza gharama, na Magharibi ikatukuta tukielekea stesheni. Goti lilivumilia mchana wote, lakini kesho yake mama hakushuka kitandani mpaka saa nne, basi mwenye mzazi wa umri huo apange siku ya kupumzika baada yake. Ami, nauli na chakula cha sote wanne vilituacha mbali na lile punguzo, kwa hiyo hesabu yako haikuwa mbaya.

Mkoba umo sandukuni tayari, umefungwa kwa kitambaa na karafuu ndani yake. Pauni 131 zilizobaki tumezibadilisha. Ikiwa kuna anayelijua duka la Mombasa lenye viatu vya ngozi vya kike, rangi ya kahawia iliyokoza, kisigino kifupi, namba 39, naomba anielekeze mtaa kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi ninayo.